Ukiwa Bafuni, Imba

Faraja, wewe mtoto, hiyo saluni ya mtaa wa Dengfeng inasuka kichwa au inasuka zulia? Umetoka hapa kabla ya chakula cha mchana, ukasema, "Baba, narudi sasa hivi," na sasa hivi yako imeshageuka jioni. Kesho asubuhi treni ya kutoka hapa Guangzhou kwenda Nanjing haitakusubiri eti kwa sababu rasta zimekupendeza. Basi na mimi, kwa hasira hizohizo, nimekaa mezani na kalamu yako ya kijani, maana nyingine zote umeshazifungia kwenye begi, nakuandikia barua. Ndiyo, barua. Baba yako wa darasa la saba, ambaye mwalimu wake alisema mwandiko huu unahitaji mkalimani, anaandika barua. Ukiucheka mwandiko unarudisha nauli.

Utaikuta kwenye mfuko wa pembeni wa begi, pamoja na kidude cheupe cha mviringo kama sahani ya kikombe. Hiyo ni kengele ya gesi. Usizitoe betri zake ukaziweka kwenye rimoti. Nakujua.

Sikuandikii habari za kula, kulala, kanisa, wavulana na soksi. Hayo mama yako ameshakutumia kutoka Makambako, kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka simu yako ikaanza kuchemka. Mengine nimemsikia akiyarudia kana kwamba Nanjing hakuna soksi. Mimi naandika habari ya kitu kimoja tu, unakijua, na usianze kupindua macho.

Jana ulipokuwa unamsikiliza mwenzako aliyetangulia Nanjing, ulifungulia spika, nikasikia kila kitu. Anasema nyumba mliyopanga ni baridi hadi mito ya kitandani imelowa. Anasema ukutani jikoni kuna boila ya gesi, ya kupasha maji na kupasha nyumba, lakini haijawashwa tangu wapangaji wa zamani wahame, na hao walihama siku nyingi kiasi kwamba hata majirani hawakumbuki sura zao. Kamuuliza mwenye nyumba, kajibiwa, "Washeni tu, itawaka." Na wewe, binti yangu niliyekulea kwa unga wa sembe uliosafiri baharini, ukabonyeza simu ukajibu, tena unatafuna: "Msihangaike na fundi. Nakuja, nitaiwasha mwenyewe."

Nikalirudisha tonge kwenye sahani. Nikakuuliza, "Utaiwasha mwenyewe kwa ujuzi gani?"

Ukanijibu, "Kwani wewe uliwashaje?"

Mtoto una mdomo wewe! Ukaendelea kula. Na kilichonikera si mdomo wenyewe. Kilichonikera ni kwamba nilikuwa naujua mdomo huo. Ni wangu. Nimeuvaa miaka yote hii mtaa mzima wa Xiaobei, kila muuza simu anaujua, na sasa nauona umehamia kwako, mpya kabisa, unang'aa.

Haya. Umeuliza niliwashaje. Kaa kitako nikukumbushe, maana naona ile wiki uliyoumwa kichwa imekupotezea na kumbukumbu.

Ilikuwa sikukuu hii ya juzi, ya mwaka mpya wa Wachina. Soko zima la vitambaa la Zhongda limeshusha mageti, hakuna hata wa kukuuzia kifungo cha shati. Mafundi wote wamekwenda kwao kijijini kula maandazi ya mvuke na mama zao. Mimi nimekaa ndani sina biashara, sina wa kubishana naye bei, na mwanaume wa biashara akikosa wa kubishana naye anatafuta kitu cha kuvunja. Halafu ile baridi. Unajua mimi si mtu wa kulia baridi. Baridi ya Makambako ni ya kiume, inakupiga usoni unaiona inakuja. Hii ya Guangzhou inaingia kinyemela kupitia soksi. Wewe ulikuwa umejifunika blanketi mpaka puani unasema, "Baba, tuna hita ya gesi ukutani, nzima, imekaa kama picha ya harusi. Kwa nini tunachemsha maji kwenye ndoo kama tuko kambini?"

Sasa hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nilikuwa nalionea fahari. Lile dude tulilikuta tulipohamia. Mimi ndiye niliyetangaza kwamba halitumiki. Nikasema mwanaume wa kwetu anaoga maji ya baridi anatoka anacheka, na anayetaka moto, ndoo ipo na hita ya kuchovya ipo. Kumbe huo haukuwa uanaume, nilikuwa natafuta mahali pa kuweka mizigo. Chini ya dude nikapanga marobota. Marobota yakapanda. Dirisha la jikoni likapotea nyuma ya lesi na vitenge, nikasema vizuri, hata vumbi halitaingia.

Ukaja ule msimu wa unyevu, kuta zinatoa jasho, sakafu inateleza, robota zima la lesi likaota ukungu, na yule mteja wa Mbeya akanitukana kwa adabu. Nikakagua nyumba kama mpelelezi. Nikagundua upepo wa unyevu unaingia kwa lile bomba la bati linalotoka kichwani mwa hita kwenda nje ya ukuta. Nikalichomoa bomba, nikachukua vipande vya sampuli za vitambaa, nikavisokota, nikavishindilia mle ndani kwa mpini wa ufagio mpaka pakakaza. Nikalirudisha bomba mahali pake, linapendeza. Nikawaonyesha mpaka wageni waliokuja kulala sebuleni: "Mnaona akili hiyo? Msione nimeishia la saba." Wakatikisa vichwa kwa heshima, mmoja akasema atakwenda kufanya hivyo kwake.

Halafu nikasahau. Msimu ukapita, mwingine ukapita, nikasahau kabisa kwamba niliwahi kuwa na akili.

Sasa siku hiyo ya sikukuu nikasimama juu ya stuli. Nafungua kitundu cha betri, betri zimeoza, zimetoa unga wa kijani. Nikasugua kwa mswaki. Ndiyo, ulikuwa mswaki wako, ulishanilipiza, tuyaache. Nikaweka betri mpya. Nikafungua koki ya gesi, nikasikia kama harufu pale kwenye mpira, mpira wenyewe umekauka una mipasuko kama kisigino cha kiangazi. Nikatoa kiberiti cha gesi mfukoni nione inavuja wapi.

Ukaruka kutoka kwenye blanketi! Sijawahi kukuona unaruka vile tangu ujifunze kutembea. Ukakipiga kiberiti kikaangukia kwenye sufuria ya maharage.

"Baba! Unatafuta gesi kwa moto?"

"Sasa nitaionaje? Haina rangi!"

"Sabuni! Paka povu la sabuni uone mapovu!"

Tukapaka povu. Mapovu yakatoka, madogo, yanajikusanya kama mate ya mtoto. Hapo mtu mwenye akili zake angefunga koki akangoja mafundi warudi. Mimi nikafunga kwa tepu, raundi juu ya raundi, mpaka mpira ukawa mnene kama mguu wenye bandeji. Nikapaka povu tena, hakikutoka kitu. Nikafungulia maji ya moto bafuni, dude likafanya tik tik tik, halafu puu, moto wa bluu, mzuri, umepangana kama meno ya mtoto.

Nikashuka kwenye stuli kama mtu anayeshuka kwenye ndege. Nikakuuliza, "Nani fundi?"

Ukasema, "Wewe, Baba." Ulisema kwa dharau lakini ulisema.

Na wewe ndiye uliyetangulia kuoga, kwa sababu ulilia sana baridi, na kwa sababu mimi nilikuwa na shughuli. Shughuli yenyewe ilikuwa kujisifu. Nikampigia simu Papa Kasongo wa ghorofa ya chini, yule Mkongomani anayeniita mon frère, ndugu yake, anayefundisha kwaya na kukosoa kila mtu anavyotamka "Amina". Nikamwambia apande aje aone maji ya moto ya bure, apate kuoga kama waziri. Naye akaanza kubisha, nami nikaanza kumjibu, unatujua tukiwa kwenye simu.

Wewe unaimba bafuni. Unajua kwa nini katika nyumba hii tunaimba bafuni, lakini wenzako wa Nanjing hawajui, kwa hiyo nitaeleza ili uje uwasomee. Mlango wa bafu letu hauna kitasa. Haujawahi kuwa nacho. Nyumba yenye wageni wanaolala sebuleni leo wawili kesho watano, bafu halina kitasa, utajuaje kuna mtu? Basi anayeoga anaimba. Ukisikia wimbo unarudi ukakae. Ukisikia kimya unaingia. Tumewapokea hapa wachungaji, wakaimba. Tumempokea yule mzee wa Songea mwenye sauti kama mlango wa ghala, akaimba, jengo zima likajua kwamba anaoga. Wewe kila mwaka umedai kitasa. "Baba, mimi si mtoto tena, naomba kitasa." Na mimi kila mwaka nimesema kesho.

Sasa niko kwenye simu na Kasongo, namwambia Wachina wenyewe watakuja kujifunza kwangu. Kichwa kinaanza kunigonga kidogo, nasema ni njaa. Namkatiza, ananikatiza. Halafu akaacha kubisha. Akauliza kwa sauti nyingine kabisa.

"Mon frère, ule mutoto alikuwa anaimba. Sasa njo ananyamaza?"

"Amemaliza kuoga."

"Hapana. Amekata wimbo katikati. Hata ubeti hajamaliza. Mimi nafundisha kwaya, mutu hakati pale."

Wiki nzima nimekuwa nikiwasimulia watu kwamba ni mimi niliyesikia kile kimya, kwamba damu ya mzazi iliniita. Damu gani. Damu ilikuwa inapiga simu. Ni Kasongo, yuko ghorofa ya chini, kupitia spika ya simu mbovu ambayo mimi mwenyewe nilimuuzia. Nilikuwa hatua chache kutoka kwenye ule mlango, nikiongea.

Nikaita. Kimya. Nikausukuma mlango, ukafunguka, kwa sababu hauna kitasa. Umeshajifunga khanga, umekaa sakafuni umeegemea ndoo, maji ya moto yanamwagika juu ya mguu wako na hushtuki. Macho yako yako wazi lakini wewe mwenyewe hupo. Sitaki kuyaandika zaidi haya macho. Nilikubeba mpaka kwenye ngazi, ukatapikia viatu vyangu vipya, na sijawahi kufurahi hivyo kutapikiwa. Kasongo akapanda mbio, amevaa koti la suti na bukta, akaingia amebana pumzi akafunga koki. Akajaribu kufungua dirisha la jikoni. Dirisha liko wapi? Liko nyuma ya mali zangu. Nikamsikia mle ndani anaangusha marobota yangu na kulaani kwa Kifaransa.

Hospitali wakakuwekea kinyago cha hewa, na mimi wakaniwekea cha kwangu, tumelala kama marubani wawili. Ulipoanza kurudi, neno lako la kwanza ulilitolea ndani ya kile kinyago.

"Baba… kitasa."

"Nini?"

"Kama… ungeweka kitasa."

Ukafumba macho. Daktari akadhani unaweweseka. Mimi nilielewa vizuri sana.

Usiku ule pale hospitali sikufikiria gesi. Nilimfikiria bibi yako Makambako. Mwezi wa sita, mwezi wa saba, baridi ile ya kuuma masikio, alikuwa anawasha jiko la mkaa chumbani tunalizunguka wote. Halafu muda wa kulala ukifika, bado mkaa mwekundu kabisa, mzuri, analibeba analitoa nje. Sisi tunalia. Tunamwambia mkaa unaungua bure. Halegezi hata kidogo. Mtu halali na jiko, basi. Kila mtoto wa kwetu anajua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mimi nalijua. Ungeniamsha usingizini ungeniuliza, ningekujibu.

Na bado nimeliweka jiko ukutani kwangu, nikaziba mahali pa kutokea moshi, nikaziba na dirisha, nikamwingiza mtoto wangu. Kwa nini? Kwa sababu lilikuwa jeupe, lina taa ndogo, lina maandishi ya Kichina. Sikulitambua. Ni jiko lilelile la mkaa, Faraja, limevaa suti tu. Moshi wake haunuki na hauonekani, lakini kazi yake ni ileile. Ile tepu niliyoifunga kwa mbwembwe ilikuwa inazuia gesi yenye harufu, ambayo angalau ina adabu ya kujitangaza. Iliyokukalisha sakafuni haikujitangaza.

Sasa tuje kwa yule fundi wa gesi tuliyemwita baada ya hospitali, maana najua hapo ndipo unapocheka. Karudi kutoka kijijini kwao, mwekundu, ameshiba, sauti kama anauza samaki. Mimi nilifikiri mafundi wa gesi ni watu wapole. Huyu bwana anajisifu kuliko mimi! Hajavua hata kofia anaanza kusema amefunga hita ngapi mtaani, na kwamba bila yeye mtaa huu wote ungekuwa majivu. Nikamwambia kwa Kichina changu cha sokoni kwamba mimi pia ni fundi. Akauona ule mpira wenye bandeji. Akavua kofia. Akauonyesha kwa bisibisi kama mtu anayeonyesha panya aliyekufa.

"Laoban," akaniita bosi, na nilijua kwamba hiyo si heshima. "Bu xing. Bu xing, bu xing, bu xing." Haifai, haifai, neno ambalo nimezoea kuambiwa nikitaja bei, sasa naambiwa jikoni kwangu. Halafu akamwaga maneno mpaka mate yakaruka. Nikakuuliza kasemaje.

"Kasema wewe mjinga."

"Maneno yote yale ni mjinga tu?"

"Nimefupisha, Baba. Mengine yanamhusu bibi."

Akakataa hata kugusa hita mpaka dirisha lionekane. Nikajaribu kupatana naye, nusu dirisha, kama tunavyopatana Zhongda. Akakaa kwenye kiti changu, akajimiminia chai yangu, akangoja. Tukabeba marobota mimi na wewe na Kasongo mpaka kwake chini, na sasa Kasongo anakaa juu ya mzigo wangu kama chifu anatazama mpira, na anasema hatashuka hapo hadi kontena litakapofungwa bandarini Huangpu. Kila nikipita ananiuliza, "Mon frère, ile akili yako ya kuziba bomba, unaifundisha lini?"

Dirisha likafunguka. Mwanga ukaingia jikoni. Sikujua kwamba vile vigae ni vya manjano.

Fundi akachomoa bomba la bati, akatia koleo, akavuta. Kikatoka kitenge. Akavuta, ikatoka hariri ya bandia. Akavuta tena, mistari, maua, kitambaa cha kanzu ya kwaya, vimeshikana kama mazingaombwe, na wewe umekaa sakafuni unacheka mpaka unashika ubavu. Mimi sicheki. Kwa sababu mwishoni kabisa kikatoka kipande cha lesi ya bluu yenye ukingo wa fedha.

Unaikumbuka ile lesi? Ndiyo ile sampuli niliyomgombezea yule mama mwenye duka pale Zhongda, nikasema hakunipa, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba hesabu zake ni za kichawi. Tangu hapo napita njia ya nyuma nisipitie mbele ya duka lake, na humo dukani nimeacha kununua lesi nzuri kuliko zote sokoni kwa sababu ya hasira. Kumbe lesi ilikuwa kwenye bomba la moshi wangu. Nimeifua, imeanikwa pale dirishani, utaiona ukiingia. Soko likifunguka vizuri nitaipeleka kwake. Sijui nitamwambia nini. Kichina changu hakina maneno ya aina hiyo. Nilikuwa nakutegemea wewe unitafsirie, na wewe kesho unaondoka, sasa nitakwenda na lesi mkononi nimesimama kama bubu. Labda ndivyo inavyotakiwa.

Akaweka bomba jipya, mrija mpya wa gesi, wa bati, unaojikunja, akasafisha kichujio cha maji kilichojaa mchanga, akaenda nje kuangalia tundu la ukutani kama kuna kiota. Akawasha. Hakuondoka. Mimi namtolea shukrani za kumfukuza, yeye amesimama na kidude chake cha kupimia moshi anakipitisha juu ya hita, mlangoni, bafuni, maji yanamwagika tu. Nikamwambia imewaka, kaka, si unaona. Akaniangalia akasema neno, nawe ukalitafsiri bila kufupisha.

"Anasema kuwaka siyo kazi. Hata ile siku iliwaka."

Hilo, mwanangu, ndilo nililotaka kukuandikia. Mengine yote ni kelele zangu.

Ile ya kwenu Nanjing itawaka. Ndiyo maana nina hofu. Ingekuwa imeharibika kabisa ningelala usingizi. Wewe utabonyeza, itawaka, utawageukia wenzako utauliza, "Nani fundi?" Nakuona kabisa, mpaka mkono umeuweka kiunoni. Na hutajua kuna nini kwenye bomba. Labda ndege. Labda mpangaji wa zamani alikuwa na akili kama zangu.

Usiniambie unakwenda kusomea uhandisi. Najua, Xiaobei nzima inajua, nimeshawaambia mpaka wanaobadilisha fedha. Lakini hata daftari la kwanza hujalifungua. Mimi na wewe ugonjwa wetu si ujinga. Mjinga anaogopa, anamwita fundi, anakaa pembeni. Sisi tunajua nusu. Mimi niliijua nusu ya betri. Wewe uliijua nusu ya povu, na ni nusu nzuri, iliokoa nyumba isilipuke, lakini ulipomaliza kuniokoa na kiberiti ukachukua taulo ukaingia bafuni. Hukuuliza moshi unatokea wapi. Tulikuwa wajuaji wawili ndani ya nyumba moja na hakuna aliyebaki wa kuuliza.

Basi boila hiyo muiache imezimwa, mlale na makoti, mlale na kofia, mnuniane, mpaka fundi aje aifungue aangalie ndani, tena fundi mwenye kelele kama huyu wetu. Akikutukana, fupisha. Kengele, inayolia kwa moshi huo usionuka, uitundike siku ileile ya kufika. Mwenye nyumba akikataa fundi, akisema bu xing, mwambie baba yako naye amesema bu xing kwa bomba lake.

Na kuhusu kitasa. Miaka yote umedai kitasa. Sijakiweka na sitakiweka, na huo ni uvivu pekee katika maisha yangu ambao sitauombea radhi kwako wala kwa mama yako. Ambaye, nikukumbushe, hajui lolote, na ukimwambia kabla sijajipanga nitasema wewe si wangu, ulipatikana na mzigo.

Lakini Nanjing bafu lina kitasa. Nilimsikia mwenzako anavyolisifu. Hilo tu ndilo linalonikosesha raha.

Sasa nakwenda kuoga. Tangu fundi aondoke hakuna aliyethubutu, wewe umeniambia, "Anza wewe, Baba, fundi mkuu." Sawa. Dirisha liko wazi, kengele ya hapa, pacha wa hiyo yako, inawaka taa ya kijani. Mwanaume wa Makambako anakwenda kuoga maji ya moto kwa mara ya kwanza nyumbani kwake, na kengele nimeijaribu mara tatu, usimwambie Kasongo.

*

Nimetoka. Kumbe ndivyo maji ya moto yalivyo! Miaka yote hii nimekuwa nikijinyima nini, na kwa ajili ya nani?

Niliimba ule wa kwaya. Nilipofika mwisho wa ubeti wa kwanza nikakwama, unajua huwa najua ubeti mmoja tu. Nikanyamaza nikijaribu kukumbuka. Mara nikakusikia kutoka ngazini, hata mlango hujafungua, umeudaka ubeti wa pili kwa kelele, unapanda mbio, begi la saluni linagonga ukuta. Ulipousukuma mlango wa mbele ulikuwa unahema. Ukauliza, "Baba, mbona umenyamaza?" Nikajibu kwa ukali kwamba mtu ana haki ya kusahau wimbo. Samahani kwa ule ukali. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na taulo usoni.

Sasa uko jikoni unajifanya unatafuta chumvi, unaangalia lesi. Rasta zimekupendeza, lakini sikwambii.

Naomba kitu kimoja, halafu nakunja karatasi. Siku ya kwanza utakapooga kwa boila ile, fundi akishaondoka, nipigie. Iache simu nje ya mlango wa bafu, na mlango usiufunge kwa kitasa. Usiongee na mimi. Imba tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na usikate katikati ya ubeti. Mimi nitakuwa upande huu. Sitajisifu, sitabisha, sitasema hata neno moja. Unajua ninavyopenda kuongea, kwa hiyo unajua ninakuahidi nini. Nitanyamaza mpaka umalize.

Baba yako,
Fundi wa zamani